Mgeni Mmoja, Wenyeji Wengi

Wanangu mnaoendesha mashua za wageni kati ya Dunga na Hippo Point hapa Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, nina neno nanyi.

Nawaona mnavyomkimbilia mgeni kabla hajashuka kwenye pikipiki. Wa kwanza anataja bei, wa pili anaipunguza, wa tatu anaapa kumfikisha karibu na viboko kuliko wenzake. Bei ikishuka hivyo, jaketi za kuokoa maisha zinanunuliwa na nani? Na anayemsogelea kiboko mwenye ndama anacheza na roho za watu.

Jiulizeni mgeni amefuata nini. Hakufuata mashua. Amefuata mafunjo na viumbe vyake. Yule ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, anayewavutia wapenzi wa ndege kutoka ng'ambo, makao yake ni mafunjo. Mafunjo hayohayo huchuja tope na uchafu unaoteremka kutoka mjini na mashambani. Samaki wadogo hujificha humo, na mama zenu huyakata wakasuka mikeka na vikapu. Mtu akichoma kipande alime maji yanapopwa, amewaumiza msusi, mvuvi, mkaanga samaki na wewe mwenye mashua.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Dunga ina wenyeji wengi, na apone kila mmoja wao. Mama anayesuka akiona pesa za wageni zinaishia mikononi mwenu, kwa nini ayahurumie mafunjo mnayoyatembezea watu?

Chombo cha kuwakutanisha mnacho. Kanuni za uvuvi za mwaka 2007 ziliipa BMU, yaani kitengo cha usimamizi wa ufuo, nguvu ya kisheria, ili wenye mashua, wavuvi na wachuuzi wa samaki waamue pamoja mambo ya ufuo wao. Waiteni pia wasusi na wakulima wa kando ya maji. Wekeni bei moja na zamu ya kubeba wageni. Kubalianeni umbali wa kukaa na viboko, na asiyeufuata akose zamu. Gaweni mafunjo sehemu sehemu, moja ikikatwa nyingine ichipue. Kila safari itoe kitu kidogo kwa mfuko wa ufuo, na anayeacha mafunjo yasimame shambani kwake apate fungu lake.

Kisha tazameni nje ya Dunga. Gugumaji limetusumbua tangu miaka ya 1990, na upepo hulisukuma kutoka ufuo huu hadi ule bila kuuliza ni wa nani. Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, hakiko mbali. Mkielewana na wenzenu wa huko, mgeni atatoka Dunga asubuhi, aone swala pala Ndere, ale samaki kwa mama mwingine na alale usiku wa pili kwetu. Kumbukeni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki, lililotembelea ziwa letu mwaka 2021. Mafundi peke yao wasingeliunda. Kuna waliookota taka hizo fukweni.

Basi itisheni kikao kabla wageni wa Desemba hawajafika. Wasusi na wakaanga samaki wazungumze kwanza, nanyi wenye mashua mzungumze mwisho. Mtakachokubaliana kiandikwe, kisomwe mbele ya wote, ndipo mwende kwa serikali ya kaunti na sauti moja. Sisi wazee tutakuja kusimama nanyi.