Kila Neno Lilikuwa Kweli

Wengi wenu mnajua udhaifu wangu mmoja: saa za mkono za zamani za Uswisi. Si zile za betri. Nazungumzia zile za kutia ufunguo, ambazo ukizifungua unaona gurudumu dogo likicheza huku na huku. Katika nyingi za miaka ya 1950 linacheza mara 5 kila sekunde, yaani mara 18,000 kwa dakika 60, na kinacholisukuma ni springi tu. Nazitafuta zikiwa zimekufa, napeleka kwa fundi, naziona zikifufuka. Kusema kweli, naipenda hiyo kazi.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaanza kuhudumu hapa, shosho mmoja alinitolea saa iliyofungwa kwenye leso. Marehemu mumewe alikuwa karani enzi za mkoloni, na bosi wake alimwachia alipokuwa akirudi Uingereza. Kioo kilikuwa na ufa, mkanda ulikuwa umeoza, na mishale haikusonga. Lakini usoni niliona jina: Omega Seamaster. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka wa 1948, kampuni ilipotimiza miaka 100. Moyo wangu uliruka.

Shosho akaniuliza, "Pasta, wewe unajua mambo ya saa. Hii ni ya maana, ama niwape watoto wachezee?"

Nikamjibu, "Shosho, hii ni ya zamani sana. Kioo kimepasuka, na haitembei."

Kila neno lilikuwa kweli. Nikampa shilingi 3,000. Akanishika mkono, akaniombea baraka.

Fundi aliifungua, na ndani mashine ilikuwa safi, na ile rangi ya shaba ambayo Omega walikuwa wakiipaka. Mafuta tu yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi. Akaiosha, akaweka springi mpya na kioo kipya, akanitoza shilingi 6,500. Kwa hesabu yangu, ingeuzwa zaidi ya 50,000 bila shida. Niliivaa kwa fahari. Jumapili moja nikasimama madhabahuni kuhubiri juu ya mizani ya haki, na saa ya shosho iko mkononi. Hapo katikati ya mahubiri nikaanza kuvuta mkono wa shati niifunike.

Swali langu leo ni hili: kama sijasema uongo, nimekosa nini?

Shule ya biashara ilinipa jibu la haraka. Ujuzi ni mtaji. Nimetumia miaka kujifunza kutofautisha saa na saa, kwa hivyo faida ni mshahara wa kusoma kwangu. Jibu hili lina ukweli ndani yake. Ukinunua kwa mfanyabiashara anayeuza saa kila siku, yeye ana macho yake na wewe una yako. Hakuna aliyemwamini mwenzake. Kila mtu alikuja kufanya biashara.

Wapo pia wanaotetea kwa Biblia. Wanasema, soma Mathayo 13:44. Yule mtu aliona hazina shambani, akaificha, akaenda kununua shamba. Mbona hakumwambia mwenye shamba? Nimelitafakari hilo sana, maana lilinifaa. Lakini Yesu pale anafundisha thamani ya ufalme, kwamba mtu aliuza vyote alivyokuwa navyo. Hafundishi jinsi ya kujadili bei. Maandiko yanasema pia kwamba siku ya Bwana itakuja kama mwizi, na hakuna aliyehubiri kwamba basi tuibe. Anayetaka andiko juu ya mnunuzi, asome Mithali 20:14. Pale kuna mtu anayedharau mali mbele ya mwenyewe, halafu akiondoka anajisifu. Niliposoma mstari huo nilijiona kama kwenye kioo.

Tofauti ni kwamba shosho hakuja kwangu sokoni. Aliniuliza swali. Siku hiyo sikuwa mnunuzi tu, nilikuwa pia mshauri wake, na nilikula pande zote mbili. Nilichagua kweli zile zinazoshusha bei, nikaficha ile moja aliyoiomba.

Mchumi George Akerlof aliandika mwaka wa 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua kasoro, mnunuzi hajui. Kwa sababu wanunuzi wanaogopa kudanganywa, hata mwenye gari zuri hapati bei yake. Hata wakusanyaji wa saa wanajua jambo hili. Saa iliyopakwa uso upya inang'aa, lakini wengi wao wanapendelea uso wa asili hata ukiwa umegeuka manjano. Muuzaji mwaminifu anataja kila kitu kilichobadilishwa. Ikiwa watu wa saa wanadaiana hivyo, sisi tulioitwa ndugu tunadaiana nini?

Sisemi usipate faida. Ningeweza kumwambia, "Shosho, ikitengenezwa inaweza kufika elfu hamsini. Matengenezo ni juu yangu. Naweza kukupa elfu thelathini leo, au umuulize mtu mwingine kwanza." Bado ningepata faida, na bado ningemtazama machoni.

Nilirudi kwake. Nikamweleza bei, nikamwambia achague: saa, au pesa iliyobaki. Hakuuliza kuhusu pesa. Aliuliza, "Kwa hivyo ile siku ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kama ni ya maana hivyo, basi ni ya mjukuu wake. Nikaivua nikampa. Zile 3,000 alikuwa ameshanunulia unga, nikamwambia aziache. Gharama ya fundi nilimeza.

Ningependa kuwaambia kwamba yote yalirudi sawa. Shosho amenisamehe, na tukikutana ananisalimia vizuri. Lakini akitaka kuuza kitu, siku hizi anamuuliza mtu mwingine kwanza. Simlaumu. Springi ya saa ikikatika, fundi anaweka nyingine. Imani ya mtu haina spea.

Mpendwa, labda wewe huna habari na saa. Lakini kuna mtu anakuuliza bei ya shamba, gari, ama ng'ombe, kwa sababu wewe unajua na yeye hajui. Kabla ya kumjibu, jiulize: siku akijua ninachokijua sasa, nitaweza kumtazama? Kama huwezi, mwambie leo. Na kama ulishanyamaza, rudi.

Andiko la kutafakari wiki hii: Mithali 20:14. Mungu akubariki.