Jina la Tendo na Sauti ya Chini

Vinanda vya umeme vimefika hata katika makanisa ya vijiji vyetu vya Mara, na wako vijana watungao programu za kompyuta za kutambua sauti zipigwazo pamoja, ambazo wapigaji huziita kodi. Kazi hiyo yaonekana kuwa ya hesabu tu. Lakini ndani yake mna swali la kale: Tendo la mtu hupewaje jina lake?

Tangu mwaka 1983 vinanda hivyo vina lugha moja, iitwayo MIDI, ambayo kwayo kila kibao hutajwa kwa namba. Tukiifanya do ya katikati kuwa 60, mi ni 64, na so ni 67. Kwa kuwa sauti hurudia baada ya hatua 12, programu hugawanya kila namba kwa 12 na kushika baki: 0, 4, 7. Hiyo ndiyo kodi ya do. Hata mi au so ikiwekwa chini, jina halibadiliki.

Lakini ongeza la, yaani 69, na ugumu waanza. Do ikiwa chini, sauti hizo nne huitwa kodi ya do yenye sauti ya sita. La ikiwa chini, sauti zile zile huitwa kodi ndogo ya la yenye sauti ya saba. Asiyeisikia sauti ya chini hawezi kuamua.

Ndivyo yalivyo matendo ya wanadamu. Mengine jina lake ni moja, vyovyote uyapangavyo: kumwua asiye na hatia ni uovu, wala nia njema haiugeuzi. Lakini mengine ni ya namna ya pili. Kuhani Eli alimwona Hana akitikisa midomo pasipo sauti, akamdhani mlevi; kumbe alikuwa akiomba kwa uchungu wa moyo.

Nami nalikosa vivyo hivyo. Nalimkuta mtoto akificha chakula cha shule katika mfuko wa madaftari, nikamwita mwizi mbele ya wenzake. Kumbe lilikuwa fungu lake mwenyewe. Alishinda na njaa ili ampelekee mdogo wake. Nalimwomba radhi mbele ya wote, lakini wenzake waliendelea kumwita jina lile siku nyingi.

Hapa mashine yaweza kutufundisha. Programu iliyotungwa vema, ikiwa na shaka, huonyesha majina yote mawili. Na sauti mpya ikiingia, hulifuta la kwanza pasipo kuona haya. Sisi hunena upesi, kisha hulitetea neno kwa sababu tumekwisha kulinena. Eli, ingawa alikuwa kuhani na mzee, aliliacha neno lake, akambariki yule mwanamke.

Basi, ndugu msomaji, usimwite jirani yako mwizi, wala mlevi, wala mchawi, jina ambalo limewaua wazee wengi katika nchi za kandokando ya Ziwa, kabla hujajiuliza: Je, sauti ya chini nimeisikia? Kama hujaisikia, nyamaza. Nenda kwake ukamwulize.