Undugu wa Damu na Hukumu ya Mwili

Neno damu limetwikwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Ndugu husemwa kuwa ni damu moja. Mtoto mwenye tabia ya babu yake huambiwa kuwa damu imemvuta. Na watu wasio na nasaba waliotaka kuwa ndugu walichanjana chale, wakaonjana damu, na tangu siku ile kila mmoja akawa na haki katika nyumba ya mwenzake. Katika hayo yote mwili wenyewe haukuulizwa neno. Siku hizi unaulizwa, na jibu lake laweza kuitia jamaa nzima katika fadhaa.

Zamani swali hili lilikuwa la mbali kwa mtu wa Singida. Sasa liko katika mkoa wa jirani, kwa kuwa Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na uboho kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Basi jamaa ya Kinyaturu yenye mtoto mgonjwa hukaa barazani kuulizana nani atatoa. Yumkini wakubwa wamekwisha chagua: dada ampendaye mgonjwa kuliko wote. Kipimo kikirudi kikasema kuwa huyo hafai, na kwamba afaaye ni kaka waliyegombana tangu utotoni, watu hutazamana. Je, mwili umejua siri ambayo moyo haukuijua?

Mwili haukujua siri yoyote. Karibu kila seli yenye kiini huchukua juu yake protini zilizo mfano wa chapa ambayo mfugaji humtia ng'ombe wake. Ya kwanza katika chapa hizo ilitambuliwa na Mfaransa Jean Dausset mwaka 1958. Mtoto hurithi fungu moja la chapa kwa baba na fungu moja kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mwanawe kwa kawaida hulingana nusu tu. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana bahati 1 katika 4 ya kulingana kabisa, 2 katika 4 ya kulingana nusu, na 1 katika 4 ya kutolingana hata kidogo. Mgonjwa mwenye ndugu mmoja ana matumaini ya asilimia 25. Mwenye ndugu sita ana matumaini ya asilimia 82 hivi kuwa walau mmoja wao atalingana naye. Hii ni hesabu ya kura. Upendo haumo.

Ajabu ni kwamba seli nyekundu za damu, zilizopewa sifa zote za undugu, karibu hazina chapa hizi. Zina makundi yao mengine, yale aliyoyagundua Karl Landsteiner mwaka 1901, na kwa makundi hayo msafiri wa kabila lolote aliyeshuka katika stesheni ya Manyoni aweza kumfaa mgonjwa ambaye ndugu yake wa tumbo moja hamfai. Waliochanjana chale walichagua, pasipo kujua, kitu chepesi kuliko vyote kugawana na mgeni.

Maana mwili haumkatai mgeni kwa ukali ule ule kila mahali. Ngozi ni kali mno. Mwaka 1943 Thomas Gibson na Peter Medawar waliandika habari ya mwanamke wa Glasgow aliyeungua moto akapandikizwa ngozi ya kaka yake. Ngozi ile ilikufa. Ilipopandwa mara ya pili ilikufa upesi zaidi, kwa sababu mwili ulikuwa na kumbukumbu. Ini ni pole zaidi ya figo. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, na askari wa mwili hawaifikii kwa urahisi. Ndiyo sababu Eduard Zirm aliweza mwaka 1905 kumrudishia kibarua mmoja uwezo wa kuona kwa konea ya mtoto asiyehusiana naye, kabla chapa hizi hazijajulikana. Uboho una masharti magumu kuliko vyote, kwani ndio kiwanda cha askari wenyewe: hapo mgeni aweza kumkataa mwenyeji, akaishambulia nyumba iliyompokea.

Zaidi ya hayo, ugeni wenyewe hufunzwa. Wafugaji wanajua kuwa ndama jike aliyezaliwa pacha na dume aghalabu huwa tasa. Sababu ni kwamba mishipa ya makondo yao huungana, na damu ya mmoja hupita kwa mwingine. Ray Owen alionyesha mwaka 1945 kuwa mapacha hao hukua na seli za damu za wenzao bila ugomvi. Medawar na wenzake, walipowapandikiza ngozi, waliona kuwa hata pacha wa mayai mawili aghalabu humpokea mwenziwe. Waliolala tumboni pamoja walizoeana kabla mwili haujajua kubagua. Na tumbo la mama nalo humlea kwa miezi tisa mtoto aliye nusu mgeni.

Tena yuko mke. Yeye huja kutoka ukoo mwingine na katika mazungumzo ya damu huwekwa kando. Lakini mwaka 1995 Paul Terasaki na wenzake walichapisha hesabu za Marekani: figo zilizotoka kwa wenzi wa ndoa zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka mitatu kwa asilimia 85, na zile za wazazi kwa asilimia 82. Baraza linalomwambia mke anyamaze linafukuza msaada mlangoni.

Maadamu kulingana ni kura, hakuwezi kuwa deni. Kaka aliyeangukiwa na kura hakutenda lolote la kumfanya mdaiwa. Aombwe kama mtu aombwavyo zawadi kubwa, naye awe na nafasi ya kweli ya kusema hapana pasipo kuitwa msaliti wa ukoo. Wazee wengi watachukia maneno haya. Lakini figo iliyotolewa kwa kuogopa laana imetwaliwa, haikutolewa. Na dada asiyelingana hakupungukiwa udugu hata chembe.

Liko jambo jingine gumu zaidi. Kipimo chaweza kuonyesha kwamba mtoto hana fungu lolote la yule anayeitwa baba yake. Wako wasemao kuwa mwanamume ana haki ya kuambiwa, na hoja hiyo si nyepesi. Hata hivyo alikwenda kuuliza kama uboho wake utamfaa mtoto, na jibu la swali hilo ni kwamba haufai. Katika jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, ubaba ulithibitishwa kwa ng'ombe wa mahari na kwa malezi, wala wazee hawakungoja ushahidi wa seli. Mtoto aliyekwisha pewa jina mbele yao anaye baba, na baba huyo ndiye aliyempandisha basi la Dodoma na kukaa naye wodini.