Jibu Ninalolikata

Kila mwaka mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ikifika mezani kwangu, nakutana na bustani ileile: urefu umezidi upana kwa mita 10, eneo ni mita za mraba 39, tafuta upana. Upana ukiitwa x, tunapata x² + 10x = 39. Ongeza 25 pande zote: (x + 5)² = 64. Basi x ni 3, au hasi 13. Hasi 13 tunaipiga mstari, tunaandika kwamba upana hauwi hasi, alama zinapatikana.

Mwaka jana binti mmoja alinifuata baada ya kipindi. "Mwalimu, hesabu imeleta majibu mawili kwa njia moja. Nani katuruhusu kutupa moja?" Nikamjibu kama mtu anayewahi daladala: kwa sababu haliwezekani. Swali likapanda nami hadi nyumbani.

Mlinganyo wenyewe ni wa kale. Al-Khwarizmi aliuweka katika kitabu chake cha aljebra, Baghdad, karne ya 9, akaufumbua kwa kuchora mraba na kujaziliza pembe zake. Jibu lake lilikuwa 3 tu. Hasi kwake haikuwa jibu. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hichohicho ni hesabu za mirathi, na sisi tuliokaa chuoni kwa maalim tunajua kuwa warithi hawagusi kitu kabla deni la marehemu halijalipwa. Kumbe hasi alikuwa nayo nyumbani, akiiita deni, ila hakuipa kiti.

Simlaumu. Lakini je, kweli ni kile tu kinachoweza kupimwa kwa futi kamba? Mlinganyo haukutudanganya. Tuliuuliza habari za namba, ukajibu habari za namba. Bustani tulikuwa nayo sisi kichwani, hatukuuambia.

Juzi nilimwita yule binti, nikaandika ubaoni: hasi 13 jumlisha 10 ni hasi 3; kisha hasi 13 mara hasi 3. Akahesabu, 39. Akatazama tena, akacheka.

"Kumi na tatu si ndiyo urefu wa bustani, Mwalimu?"

Ndiyo. Miaka 22 nautia wino mwekundu urefu wa bustani kwa kuwa umekuja na alama ya kutoa. Mwongozo wa kusahihisha bado unataka hasi 13 ikatwe. Naikata, kwa mstari mmoja mwembamba, isomeke.