Damu Ilizuiwa, Figo Zikalipa

Dawa iitwayo Trasylol ilipendwa kwa sababu faida yake ilionekana kwa macho. Katika upasuaji mwingi wa moyo, moyo husimamishwa na damu ikapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Mashine humwokoa mgonjwa, lakini damu ikitoka humo huwa ngumu kuganda. Trasylol, iliyotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe na kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani, ilipunguza kuvuja damu. Daktari alifunga kifua kikiwa kikavu, na chupa za damu zikabaki benki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu mwaka 1993.

Figo hazionekani kifuani. Hizo hulalamika siku mbili tatu baadaye, mpasuaji akiwa ameshahamia kwa mgonjwa mwingine. Na hata pasipo dawa yoyote, upasuaji huu huzitesa: damu inayozifikia hupungua, chembe nyekundu hupasuka ndani ya mashine, na mwenye kisukari au shinikizo la damu mara nyingi huingia na figo zilizokwisha kuchoka. Kwa hiyo zilipogoma, lawama ilikwenda kwa ugonjwa. Nani angeshuku dawa inayozuia damu?

Januari 2006, Dennis Mangano na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti wa wagonjwa 4,374. Kwa waliopewa Trasylol, hatari ya figo kushindwa hadi kuhitaji kusafishwa damu ilikuwa karibu mara mbili. Dawa nyingine mbili za kuzuia damu, tena za bei nafuu, hazikuonyesha hatari hiyo. Wapo waliobisha kwamba waliopewa Trasylol walikuwa mahututi zaidi tangu mwanzo, na kusema kweli hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi.

Kilichofuata ndicho kichungu. Septemba 21, 2006, FDA iliwaita wataalamu kuijadili dawa hiyo, na Bayer ilikuwepo. Haikusema kwamba ilikuwa imeagiza uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wapatao 67,000, na kwamba matokeo ya awali yalionya kuhusu vifo na figo. Wataalamu wakajadili nusu ya habari, wakatawanyika. Kabla mwezi haujaisha FDA ikautangazia umma kuwa uchunguzi huo upo. Kampuni ikasema ni makosa ya kibinadamu. Mimi naona makosa ya aina hiyo yana tabia ya kumpendelea muuzaji.

Mwaka uliofuata jaribio kubwa la Kanada lilisimamishwa kwa sababu ya vifo katika kundi la Trasylol, na Novemba 2007 Bayer ikasitisha kuiuza. Matokeo yalipochapishwa 2008, katika kundi hilo walikufa asilimia 6, dhidi ya takriban 4 kwa dawa zile za bei nafuu. Miaka kadhaa baadaye Ulaya iliiruhusu tena, kwa matumizi ya mipaka.

Hatari ya figo haikuondoka na dawa hiyo. Ukimuuguza aliyepasuliwa moyo, usitazame kidonda tu. Tazama na ule mfuko wa mkojo unaoning'inia pembeni mwa kitanda. Mtu wa kilo 60 anatarajiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Ukiona saa zinapita na mkojo haupandi kwenye alama za mfuko, mwite nesi, hata kama mgonjwa anaongea na kucheka. Uliza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilikuwa ngapi kabla ya upasuaji na sasa ni ngapi. Mkisharudi nyumbani, kifua kikimuuma, usikimbilie duka la dawa kumnunulia diclofenac au ibuprofen: dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mpigie daktari wake kwanza.