Moto na Macho Mekundu

Nyumba isiyokoka moto haihesabiwi kuwa na watu. Huko Bariadi, Maswa na Meatu, katika nchi ya Wasukuma, wazee walikuwa wakiketi jioni na vijana wao kwenye moto wa uani uitwao shikome, wakiwafundisha ukoo, mifugo na adabu. Jikoni akina mama walikoka moto mwingine, wa chungu cha ugali. Mmoja ulilisha akili, mwingine tumbo.

Lakini moto ukiponyoka wakati wa kiangazi, huteketeza kwa siku moja ngitili, yaani malisho ambayo mji mzima umeyatunza kwa miezi mingi. Ndiyo maana husemwa kwamba moto una tabia mbili. Mimi naona unayo moja tu: kula. Kheri na shari yake hutegemea sisi tunauweka wapi.

Iko shari nyingine isiyounguza. Mkoa wa Simiyu, ambao hadi 2012 sehemu yake kubwa ilikuwa Shinyanga, umepungukiwa miti mno. Misitu ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kufukuza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba. Akina mama wengi wakabaki kupikia mabua, miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mkali, na anayeuvumilia miaka arobaini huzeeka na macho mekundu.

Kwa macho hayo, vikongwe wengi wa kanda hii wameitwa wachawi. Baadhi yao wameuawa kwa mapanga, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, na hata baadaye.

Tafakari, ndugu msomaji. Mama ameinamia moto ili wengine wasilale njaa. Alama ya kazi yake inageuzwa kuwa ushahidi wa hatia, na pengine anayemshitaki alilelewa kwa ugali wake. Je, hapa mharibifu ni moto? Moto umeivisha chakula na kutoa moshi, basi. Neno "mchawi" limetoka katika kinywa cha mtu aliyefiwa, likapulizwa na mpiga ramli.

Moto hauna hiari, kwa hiyo hauna hatia. Mtu anayo hiari. Tunajua kufyeka nyasi kuzunguka ngitili ili moto usipite. Tujue pia kuuzuia ulimi. Mtoto afundishwe kwamba macho mekundu ya bibi ni deni tunalodaiwa, na deni hilo hulipwa kwa heshima, na kwa jiko lenye dirisha.