Mashavu si mizani

Huku kwetu Ukambani, mtu akishachangiwa harambee ya matibabu, mwili wake si wake peke yake tena. Aliyetia mia mbili kwenye kikapu cha kanisa na aliyetuma elfu kumi kutoka Mombasa wote wana haki ya kuja kuona pesa zao zimefanya kazi gani. Kovu la kifuani hawalioni, limefunikwa na blauzi. Basi wanatazama mashavu.

Mimi nilirudi nyumbani na vali mpya ya moyo na mashavu yaliyobonyea. Vali niliyozaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyonipata nikiwa msichana wa shule. Ugonjwa huo huanza na koo linalouma, jambo ambalo mzazi hulitibu kwa chai ya tangawizi na kulisahau. Mwili ukipambana na vijidudu vya koo, wakati mwingine hukosea adui ukaushambulia moyo wenyewe, na miaka baadaye vali zinakuwa ngumu au hazifungi. Katika Afrika Mashariki hiyo ndiyo sababu kubwa inayowapeleka vijana kwenye upasuaji wa vali, na penisilini iliyotolewa mapema ingewaepusha wengi.

Upasuaji wenyewe hufanyika katika hospitali chache nchini: Kenyatta, Mater na nyingine za Nairobi, au Tenwek kule Bomet. Mpango wa afya wa kaunti yetu, Makueni Care, ulioanza mwaka 2016 kwa shilingi 500 kwa familia kwa mwaka, ulituauni sana, lakini ulikuwa wa hospitali za kaunti. Kupasuliwa moyo ni safari nyingine. Ndiyo maana vikapu vinazunguka.

Nirudi kwa mashavu. Miezi kabla ya upasuaji nilikuwa nimejaa. Sketi zilinibana kiunoni, viatu havikuingia, na sokoni Kibwezi wanawake walinishika mkono wakanipongeza kwamba ndoa imenikubali. Yalikuwa ni maji. Moyo uliposhindwa kusukuma damu ipasavyo, maji yalituama miguuni, tumboni na kwenye ini, huku nyama ya mikono na mapaja ikiisha kimyakimya. Tumbo lililojaa maji halina nafasi ya ugali. Nilikuwa nashiba kwa vijiko vitatu na bado mizani inapanda. Nilipongezwa nikiwa nakufa. Baada ya upasuaji, vidonge vya kukojoza vilipoyatoa maji yale na moyo ukaanza kufanya kazi yake, nilionekana jinsi nilivyokuwa hasa chini ya uvimbe, yaani mifupa. Hapo ndipo wageni walipoanza kulia.

Siwalaumu. Watu wa barabara ya Mombasa tuna historia na kukonda. Katika miaka ya tisini, kabla na hata baada ya Rais Moi kutangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999, mwili uliopungua ulisomwa kwa namna moja tu, na minong'ono ilitangulia jeneza. Halafu tumetoka kwenye ardhi iliyozipa njaa zake majina. Wazee bado wanaitaja Ngomanisye, njaa iliyowamaliza watu mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto wa jamii kama hiyo akisukuma sahani akasema hana hamu, anasema jambo lisiloeleweka. Chakula kipo, kinakataliwaje?

Mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Susu kama wanavyomwita wajukuu, alisafiri kutoka Ikutha upande wa Kitui kuja kunitazama. Siku hizi si mbali, lami ya Kibwezi kwenda Kitui imefika na Mto Athi unauvuka ukiwa umeketi kwenye matatu. Alikuja na debe la muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa kwa kinu, mbaazi, kuku wawili wa kienyeji waliofungwa miguu, na uamuzi kwamba ataninenepesha kabla ya kuondoka.

Muthokoi wake ni mtamu. Niliupenda tangu nilipoolewa. Siku ile nilitia punje chache mdomoni zikakataa kushuka. Kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma, hata maji. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilinitoa jikoni. Daktari alikuwa amenieleza mapema, na namshukuru, kwamba jambo hili huwapata wengi: mwili umepitia mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu kwa saa kadhaa, kidonda ni kikubwa, dawa ni nyingi, vidonge vya maumivu vinafunga choo, na hamu ya kula ndiyo ya mwisho kurudi. Kwa wengi hurejea ndani ya wiki chache. Isiporejea, au ikija na kichefuchefu na kuona maluweluwe, daktari lazima aambiwe, maana baadhi ya dawa za moyo zikizidi mwilini huanza hivyo. Lakini nani angemweleza Susu, ameketi kwenye kigoda akihesabu punje zilizobaki?

"Mwanangu, hii si chuki?" aliniuliza.

Nilimwambia si chuki, mama. Ni ulimi. Akanyamaza, akatoka nje. Kilichotuokoa ni ukwaju, ambao Ukambani haukosekani. Alipika uji wa mtama mwepesi, akautia ukwaju, akanipa nusu kikombe. Uchachu ule uliamsha mate. Baada ya saa mbili nusu kikombe kingine. Kesho yake yai. Alikuwa amegundua peke yake ambacho wataalamu wa lishe huwafundisha wagonjwa wa moyo: kidogo kidogo, mara nyingi, na kiwe na kitu cha kujenga mwili, kama ndengu zilizopondwa, maziwa au samaki.

Tulichogombania ni supu. Kwetu mgonjwa asiyenyweshwa supu ya mifupa hajauguzwa, na supu bila chumvi ni maji ya kuoshea sufuria. Lakini chumvi ndiyo inayoshika maji mwilini, na maji ndiyo yaliyonipeleka Nairobi. Tuliafikiana juu ya ndimu, dania na kitunguu saumu. Susu hakuipenda na hakuficha. Viungo vya pakiti, ambavyo nusu yake ni chumvi kwa jinsi ninavyovionja, nilivitoa nyumbani kabisa.

Kuna pia mambo ya majani. Mwenye vali ya bandia ya kudumu humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali, na kiasi chake hupangwa kwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Vitamini K iliyo kwenye mboga za kijani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wengi wakisikia hivyo huacha mboga, na hilo ni kosa. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki baada ya wiki. Sasa fanya hivyo Ukambani! Mvua za Oktoba hadi Disemba zikinyesha, majani ya kunde na malenge yanaingia kwenye kila sufuria asubuhi na jioni. Kiangazi kikikaza, unakaa miezi huoni jani. Damu ya mgonjwa inafuata mvua. Hata maembe, fahari ya Makueni, yana habari zake: kuna wagonjwa wa warfarini walioandikwa kwenye majarida ya kitabibu kwamba vipimo vyao vilipanda baada ya kula maembe kwa wingi. Ninayala, ila kwa kiasi, na huwa namwambia mhudumu wa kliniki msimu umefika. Ratiba za kliniki zingepangwa kwa kutazama kalenda ya mvua, zingetufaa zaidi.

Mizani nayo ni kisa. Masoko yetu yamejaa mizani ya kupimia ndengu na mbaazi, lakini ya kumpima mtu utaitafuta zahanati, au kwa kijana aliyeketi kando ya njia mjini akitoza sarafu. Nilinunua yangu ya kusimama. Kila asubuhi, baada ya msala na kabla ya chai, nikiwa na leso ileile, napanda na kuandika kwenye daftari. Uzito wa nyama hurudi polepole, gramu kwa gramu, na huja pamoja na nguvu ya kutembea hadi kisimani na kurudi mikono mitupu, maana mfupa wa kidari uliofungwa kwa waya huchukua wiki sita hadi nane kuunga na mtungi wa lita 20 ni marufuku. Uzito wa maji huja kwa kishindo. Jicho la mgeni haliwezi kuutofautisha. Daftari linaweza.

Siku hizi hamu imerudi, imerudi hata kupita kiasi, na chapati za Jumapili nimeanza kuzihesabu. Wageni wamefurahi. Wameniambia sasa ndiyo nimepona, na mimi nawajibu asante, kwa kuwa walichanga.

Nawe unayekwenda kumjulia hali mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, usimwambie amekonda, anajua. Usimpelekee soda wala mkate mtamu. Beba mayai, ndizi, ukwaju, au umchotee maji. Ukimkuta amejaa ghafla, kilo moja au zaidi kwa siku, au zaidi ya mbili kwa wiki, na usiku hawezi kulala bila kuegemea mito, usimpongeze. Tafuta gari umpeleke hospitali usiku huohuo.